Vioo vya Ukuta wa Mnara

Kioo kilikuwa safi mno. Mpima wa majengo aliliona hilo kabla ya kitu kingine chochote, akasimama mbele ya ukuta na tochi mkononi akijaribu kulitafutia sababu nyingine.

Vioo hivyo alivibandika mwenyewe kabla ya mvua kuanza. Vilikuwa vinne, vyembamba, vya urefu wa kidole, vimepangwa kimoja juu ya kingine kwenye ufa uliopanda kutoka mguuni mwa tao la mlango mkubwa hadi kidirisha cha ngazi ya mnara. Kila kioo kilivuka ufa, ncha moja huku na nyingine kule, kila ncha imeshikwa na donge la jasi. Kioo hakinyumbuki. Ukuta ukisogea hata kidogo, kinapasuka, na mwenye macho anajua. Aliwaeleza wenzake wa kikundi cha kutunza kanisa siku ileile, wakiwa wameketi kwenye mabenchi na fagio na majembe miguuni: kioo kikiwa kizima, ukuta umetulia, kioo kikivunjika, siku hiyohiyo nafunga kanisa. Hakuna aliyeuliza swali. Mpima alikuwa mtu ambaye watu hawamuulizi maswali.

Kioo kilichobandikwa kabla ya mvua, ndani ya kanisa la mawe na chokaa, huvaa vumbi. Hiki kilimrudishia mwanga wa tochi kama uso wa saa mpya. Aliweka ukucha kwenye donge la jasi, akabonyeza. Ukucha ukazama; jasi ilikuwa bado mbichi.

Akajaribu cha pili. Ukazama. Cha tatu vilevile.

Cha nne kilikuwa juu, kwenye kivuli cha tao, mahali ambapo mtu mfupi hafiki. Kila Jumamosi alikuwa akikimulika kutoka chini na kukiona kizima. Leo alivuta benchi, akapanda, akasogeza uso karibu. Kilikuwa na vumbi lake lote, na kilikuwa kimekatika katikati. Nafasi kati ya vile vipande viwili ilipokea ncha ya penseli yake bila shida.

Alikuwa bado juu ya benchi aliposikia kitu kikimwagika ndani ya ukuta. Ilikuwa sauti ndogo, kama mchele ukimiminwa kwenye sinia. Ikakoma.

Juu ya kichwa chake, kwenye roshani ya kwaya, mdogo wake alikuwa akisugua ukingo wa mbao kwa nta huku akivumisha wimbo usio na maneno. Kitambaa kilikwenda na kurudi. Njia ya kufika huko juu ilikuwa moja tu, ngazi ya mawe ya kuzunguka, nyembamba kama kabati, iliyojengwa ndani ya ukuta huohuo.

Mlango wa ubavuni ulifunguka. Mwashi wa kikundi aliingia na ndoo, mabega yamelowa manyunyu. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wa huyo mdogo wa mpima, na mpaka leo alimwita shemeji na kumtania kama zamani, kwa kuwa kuacha kungekuwa kama kumzika yule mtu mara ya pili.

"Fundi," mpima alisema kwa sauti ya chini, akishuka kwenye benchi, "jasi hii ni yako?"

"Jasi yote ya humu ni yangu. Kwani kuna mjinga mwingine anayeleta bure?"

"Nani alibandika vioo hivi?"

"Vioo ni vyako, mama. Mimi vioo siviingilii." Aliweka ndoo chini. "Ila shemeji huwa ananiomba jasi kidogo. Ya kuziba mashimo ya panya."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua. Nikamwambia, shemeji, hawa panya wako wanajituma kuliko kikundi kizima, tuwape na wao uanachama."

Mpima hakucheka. Alimshika mkono, akauweka ukutani, chini ya kioo cha kwanza. "Gonga. Taratibu."

Mwashi aligonga kwa kifundo cha kidole. Akasogea hatua, akagonga tena. Uso wake ulibadilika kidogokidogo, kama mtu anayesoma taarifa ya hospitali. Ukuta wa namna hii si jiwe tupu. Ni ngozi mbili za mawe, ya nje na ya ndani, na katikati kifusi kilichoshikwa kwa chokaa. Maji yakipata njia kutoka paani huiosha chokaa, kifusi kinabaki mchanga na kokoto, na mchanga hutafuta mahali penye nafasi. Ndani ya ukuta huu penye nafasi palikuwa ngazini.

"Patupu," mwashi alisema. "Kama ngoma."

"Najua."

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Shemeji ameziba, na bado tutajenga." Alikuwa ameshageuka kuelekea mlango mdogo wa ngazi. "Ngoja nikamtoe."

Mpima alimkamata mkono wa shati. "Hupandi humo."

"Sasa yeye ashuke vipi?"

"Ngazi yako ndefu iko wapi?"

"Nje, kwenye mfereji wa paa."

"Ilete. Usiiburute, ibebe. Mwambie mwenyekiti wa kikundi awatoe watu wote upande wa mnara, na mtu asiingie. Alikuwa nesi, hatataka maelezo marefu."

Mwashi aliondoka akitembea kwa namna ya mtu anayejizuia kukimbia. Mlango ulijifunga nyuma yake polepole, na mpima alisikiliza mpaka komeo lilipolala. Hakuna kilichomwagika.

Aliitazama roshani. Mihimili yake, kwa upande wa nyuma, ilikuwa imeingizwa ndani ya ukuta wa mnara. Kwa mbele ilikaa juu ya nguzo mbili za mbao zilizosimama sakafuni, nene kama kiwiliwili cha mtu. Ukuta ukienda, nyuma kungeshuka kwanza. Mbele, juu ya nguzo, mtu angekuwa na muda, ingawa hakuweza kusema ni muda gani. Mdogo wake alikuwa nyuma. Sauti ya kitambaa ilitoka nyuma, pale ilipoteremka kamba ya kengele.

Hapo kitambaa kilinyamaza.

"Dada?" Sauti ilikuwa changamfu. "Huku nimemaliza. Napiga kengele."

Ilikuwa desturi ya kikundi. Kazi ya Jumamosi ikiisha, aliye juu huvuta kamba mara moja, ili kijiji kijue kwamba kanisa limeshafanyiwa usafi na wenye kutaka kusali waje. Kengele ile ilikuwa na uzito wa ng'ombe, na ikibembea husukuma mnara huku na huku. Kwenye ukuta mzima hilo si kitu.

"Usiiguse kamba."

Ilimtoka kama kofi. Alijua hivyo maneno yakiwa bado hewani. Mpima alishikwa na woga ambao hakuwa na kipimo chake.

Alikuwa anajua jambo moja kuhusu mdogo wake, na alilijua kwa uhakika uleule aliojua nao uzito wa jiwe. Akigombezwa, huondoka. Hajibu, halii, hageuki nyuma. Aliondoka hivyo mezani walipokuwa watoto. Aliondoka hivyo siku ya mazishi ya mumewe, mpima alipomkosoa mbele ya watu juu ya jinsi alivyofunga kanga. Na pale alipo sasa, kuondoka kulikuwa na njia moja.

"Nimefanya nini tena?" sauti iliuliza. Uchangamfu umekwisha.

"Hujafanya kitu." Mpima alishusha sauti. "Njoo mbele nikuone."

"Nimeshamaliza, nashuka, utaniona huko chini."

"Njoo mbele kwanza, mdogo wangu. Hapo penye nguzo."

Mbao zililia. Kichwa chenye kilemba cha kitambaa kilitokea juu ya ukingo, na uso uliojaa mashaka. "Sauti yako imekuwa ndogo. Unaumwa?"

"Siumwi. Kaa hapohapo. Nataka kukuuliza kitu."

"Uliza."

"Vioo vimevunjika mara ngapi?"

Uso ule ulirudi nyuma kidogo, kisha ukapotea, na mpima akasikia hatua kwenye mbao zikielekea ukutani.

"Sikugombezi," alisema.

"Bado," alijibu mdogo wake kutoka asikoonekana. Hatua hazikusimama.

"Sikugombezi. Naogopa."

Hatua zilisimama.

Katika maisha yao yote mpima hakuwahi kumwambia neno hilo. Hakulichagua. Lilikuwa ndilo lililobaki baada ya mengine yote kuwa na ukali ndani yake.

"Wewe unaogopa?"

"Ndiyo."

"Unaogopa nini?"

"Hiyo ngazi. Ukishuka nayo inaweza kukuangukia. Ukuta wote huo nyuma yako ni mtupu. Tafadhali, rudi kwenye nguzo."

Mpima alitazama mlango mdogo wa ngazi, uliokuwa wazi, giza ndani yake, na kizingiti kilichofagiliwa kikang'aa. Halafu mbao zililia tena, zikija mbele, na uso ukarudi juu ya ukingo. Macho yalikuwa yamelowa.

"Cha kwanza kilivunjika wiki ile ya mvua kubwa," mdogo wake alisema. "Nikamwendea fundi wa fremu akanikatia vingine. Cha pili Jumamosi iliyofuata. Basi ikawa hivyo, nikija nakuta kimoja kimepasuka, nabadilisha kabla hujafika. Leo nimevikuta vitatu. Kile cha juu sikukifikia."

"Kwa nini?"

"Mkono mfupi."

"Kwa nini ulibadilisha?"

"Ulisema kikivunjika unafunga kanisa." Alijifuta pua kwa kitambaa cha nta, akakitazama kwa kuchukia. "Wewe ukifunga unarudi kwa vitabu vyako. Mimi nikifungiwa hapa niende wapi? Nikakae nyumbani nitazamane na kiti chake?"

Mpima alimulika kizingiti cha mlango wa ngazi. "Na mchanga? Kuna mchanga wowote ulioukuta huku chini ya ngazi?"

"Huo nafagia kila nikija. Zamani ulikuwa wa kiganja tu."

"Na leo?"

"Leo nimejaza beseni."

Ndani ya ukuta mchele ulimiminika tena. Safari hii haukukoma haraka. Wote wawili waliusikia, na mdogo wake akageuza kichwa kutazama nyuma, kisha akamtazama dada yake, akashika ukingo kwa mikono miwili.

"Ni nini hicho?"

"Ni mchanga huohuo. Usitembee. Fundi anakuja."

Mwashi aliingia na ngazi ya mbao begani, akiibeba kama jeneza, bila kuigusisha popote. Waliisimamisha pamoja, ncha za juu zikatua kwenye nguzo, sentimita chache kutoka mikono ya yule aliyekuwa juu.

"Mimi siwezi," alisema. "Mnanijua. Hata kubadilisha balbu nakodi mtu. Na goti hili."

"Shemeji," mwashi alisema akikumbatia miguu ya ngazi, "marehemu aliniachia wewe, hakuniachia maneno ya kuwaeleza ndugu zake. Shuka."

"Usinichekeshe. Nitaanguka."

"Basi nuna, ila shuka."

Mpima alikuwa ameshaanza kupanda. Alipanda mpaka mikono yake ilipofika kwenye nyayo za mdogo wake, ambaye kwa kilio cha chini kwa chini alikuwa amepitisha mguu mmoja juu ya ukingo na kugoma kupitisha wa pili. Mpima alikishika kisigino.

"Huu mguu nimeushika. Lete wa pili."

"Usiuachie."

"Siuachii."

Mguu wa pili ulikuja. Mpima aliuchukua kwa mkono, akauweka kwenye kipago kama mtu anayepanga chombo rafuni, kisha akashuka kipago kimoja na kuuchukua mwingine. Uso wake ulikuwa karibu na kamba za viatu vya mdogo wake, na hakuona kitu kingine. Walipokuwa katikati, pumzi ya vumbi ilitoka kwenye mlango mdogo wa ngazi ya mnara, ikatambaa sakafuni kwenye vigae vilivyosafishwa asubuhi ile, na mwashi, aliyekuwa akiitazama, alisema polepole sana, "Endeleeni tu, akina mama, endeleeni hivyohivyo."

Mguu wa mdogo wake ulipogusa sakafu, mpima na mwashi wakamshika kila mmoja upande wake, wakatoka kwa mlango wa ubavuni. Ngazi waliiacha.

Nje manyunyu yaliendelea. Mwenyekiti alikuwa amewakusanya wanakikundi kwenye uzio wa mbali, wakiwa na mafyekeo na reki zao, na alipowaona alikuja moja kwa moja, akamkalisha yule mdogo kwenye ndoo iliyopinduliwa na kumshika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo. Mpima alimweleza kwa maneno machache. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, akasema, "Haya," akawasogeza watu nyuma zaidi, mpaka kwenye njia.

Wakasubiri.

Kutoka pale ukuta wa mnara ulionekana vizuri, mweupe, uliopakwa rangi na kikundi mwaka uliopita, mrefu na umenyooka. Njiwa alitua kwenye kidirisha cha ngazi, akajikuna, akaondoka. Watu walibadilisha miguu ya kusimamia. Chai ya chupa ilipitishwa, ikaisha. Mmoja alianza kusema kwamba babu yake aliukuta ufa ule, na babu wa babu yake pia. Mwingine akasema wasomi nao wana mambo yao. Mpima alisikia yote. Aliutazama ukuta na kuanza kuogopa jambo jipya, kwamba labda alikosea. Jambo hilo, alipolipima, lilikuwa dogo kuliko lile la kwanza.

"Upo," mdogo wake alisema kutoka kwenye ndoo. Alikuwa amepata rangi usoni, na pamoja na rangi, aibu. "Ukuta si huo hapo, umesimama. Umenishusha kama gunia la mkaa mbele ya watu."

"Mbele ya fundi tu."

"Fundi ni watu. Na viatu vyangu vya kutokea viko juu. Na mkoba. Na simu iko kwenye mkoba." Alisimama. "Nachukua mkoba tu. Nakanyaga pembenipembeni."

Mpima alimshika. Mdogo wake alivuta mkono, mpima hakuachia, na kwa muda wakasimama hivyo, watu wazima wawili wakivutana kwenye majani kama wanaogombea mwanasesere.

"Niachie, Dada."

"Siwezi."

Hapo mnara ulitoa sauti, isiyo ya kishindo. Ilikuwa sauti ya lori linalomwaga kokoto, ila ilitoka ndani, imefunikwa, na waliisikia kwanza kwenye nyayo kabla ya masikio. Kidirisha cha ngazi kilitema vumbi kwa nguvu, kama mtu anayekohoa. Sauti iliendelea, ikaendelea, muda mrefu kuliko walivyotarajia, kisha ikapungua, ikawa mchele tena, ikawa kimya.

Ukuta ulikuwa bado umesimama. Ngozi yake ya nje haikuwa na jeraha, isipokuwa chini, kimo cha kifua, ambapo sasa ulikuwa umefura kama tumbo.

Mwashi alizunguka kwa mbali mpaka upande wa pili, akachungulia kwa dirisha la ubavuni, akakaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa amevua kofia.

"Mlango wa ngazi umejaa mawe," alisema. "Mpaka juu. Huwezi kuingiza hata mkono. Roshani imelala kwa nyuma, mbele imeshikwa na nguzo."

Mdogo wa mpima alikaa chini, si kwenye ndoo, kwenye majani yenye maji. Akauliza, "Kama ningepiga kengele, nikashuka?"

Mpima alilifikiria swali kwa haki. Kwa hesabu ya saa, mtu aliyeshuka wakati ule angekuwa ameshatoka zamani, anakunywa chai. Lakini hesabu hiyo ilikuwa bila kengele, na bila uzito wa hatua kwenye vipago vya mawe vilivyokaa juu ya mchanga. Ushahidi uliobaki ulikuwa chini ya kifusi.

"Sijui," alisema.

"Wewe hujui?"

"Sijui."

Mdogo wake alimtazama kana kwamba hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Mpima aliketi karibu naye. Sketi yake ilishika maji papo hapo.

"Sasa ndiyo umefunga," mdogo wake alisema.

"Nimefunga. Ndani haingii mtu." Aliutazama ukuta wakati wote alipokuwa akisema. "Lakini yale mawe yatatolewa, moja moja, yakishapatikana magogo ya kuegemeza. Kila moja lina chokaa mbovu, na halirudi ukutani bila kusuguliwa. Yatapangwa huku nje, kwenye majani haya. Mimi kusugua sijui. Fundi anakwangua kama anaua nyoka."

"Nasikia," alisema mwashi.

"Jumamosi?" mdogo wake aliuliza.

"Jumamosi si hii. Zitakazokuja."

Kule mnarani kitu kilimwagika tena, kidogo. Watu wote walirudi nyuma kwa pamoja bila kuambiwa, na mwenyekiti akaanza kuwaondoa, akiita mmoja mmoja, mpaka ng'ambo ya njia. Mpima alijaribu kusimama ili amfuate, akashindwa, kwa kuwa miguu haikumtii. Mdogo wake alisimama kwanza. Akampa mkono, akamvuta.

"Unatetemeka," alisema. "Aliyekuwa juu si mimi?"

"Ni wewe."

"Basi twende," alisema, akamshika kiuno, na wakavuka njia bila kuupa ukuta mgongo.